Kabureta Mbili au Tatu?



Katibu wetu aliponiandikia kuniomba nizungumze, alisema nichague jambo lolote nilijualo, ila nisizidishe nusu saa, kwa sababu mzungumzaji wa mwaka uliopita alizungumza mpaka wapishi wakaja mlangoni kuchungulia. Mimi si mwanasiasa wala si daktari. Nimefanya kazi ya bima miaka 32, na sidhani yupo aliyesafiri kuja hapa ili asikie habari za bima. Lakini ndani ya bahasha ya katibu mlikuwa na karatasi nyingine ndogo, imeandikwa kwa mkono na kijana wa Kidato cha Tatu aliyepata kusikia kwamba nina gari la Datsun 240Z. Aliuliza swali moja tu: "Mzee, kabureta ipi ndiyo bora kupita zote kwa gari la zamani lenye mbio?"

Kijana, sikujui kwa sura, lakini nakuambia swali hilo lilinigharimu injini moja, na kwa muda wa miaka tisa lilinigharimu rafiki. Rafiki mwenyewe yuko hapa, meza ya tatu, amevaa kofia ya vito. Tulikaa dawati moja tangu Kidato cha Kwanza. Amenipa ruhusa nieleze, kwa sharti kwamba nisijipunguzie makosa.

Nianze na gari. Lilitoka kiwandani Japani kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 1969, na likaendelea kutengenezwa mpaka mwaka 1973. Injini yake ina silinda 6 katika mstari mmoja, ujazo wake ni sentimita 2,393, na kiwanda kiliandika kuwa inatoa nguvu za farasi 151 kwa mizunguko 5,600 kwa dakika. (Farasi hao walihesabiwa kwa desturi ya Kimarekani ya siku zile, injini ikiwa imevuliwa mizigo yake, kwa hivyo msiwategemee wote.) Wenzangu wa rika langu hawana haja ya kuelezwa kwa nini nililitamani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa gari hilo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena, baada ya kulingana pointi sawasawa na Harry Källström, ambaye naye alikuwa katika Datsun ya namna nyingine. Mimi na mwenzangu wa dawati tulikuwa kando ya barabara, tumejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na kila mmoja akaapa kwamba siku moja atakuwa nalo. Yeye akaoa mapema, akapata akili. Mimi nikalipata langu mwaka 1988, kutoka kwa mkulima mmoja wa Limuru aliyekuwa amelifunika kwa turubai ghalani, kuku wakitaga juu ya kiti.

Sasa kabureta. Naomba walimu wa fizikia wanisamehe nikilirahisisha jambo.

Kabureta ni koo. Pistoni ikishuka katika silinda, injini inavuta pumzi, na pumzi hiyo hupita kooni. Pale koo lilipobanwa hewa hukimbia zaidi, na hewa inayokimbia hupungukiwa na mgandamizo. Petroli iliyo katika kibakuli cha boya inasukumwa na hewa ya nje, basi inapanda kupitia tundu dogo, ambalo mafundi hulitaja kwa jina la jeti, na kutawanyika kooni kama umande. Kilo 1 ya petroli yataka hewa kiasi cha kilo 14.7 ili yote iungue. Ukitaka nguvu nyingi iwezekanavyo unaipa hewa pungufu kidogo, kilo 12 na nusu hadi 13. Kama injini ingekuwa na pumzi moja tu siku zote, kabureta ingekuwa kitu cha shilingi mbili. Shida ni kwamba injini ileile hupumua polepole katika msongamano wa magari, na dakika kumi baadaye inahema kupanda mlima. Koo pana linalofaa kuhema halifai kupumulia polepole, kwa maana hewa inapita imelala, haina nguvu ya kunyanyua petroli. Koo jembamba linalofaa mjini huisonga injini mlimani. Kabureta zote nzuri duniani ni majibu mbalimbali ya shida hiyo moja.

Jibu la kwanza lilitoka kwa ndugu wa ukoo wa Skinner, Uingereza, mwanzoni mwa karne iliyopita, na herufi SU zimetokana na jina lao. Wao walitengeneza koo linalojipanua lenyewe. Juu ya kabureta kuna kuba, na ndani ya kuba kuna pistoni ndogo inayoning'inia. Injini ikivuta pumzi kubwa, pistoni inapanda na koo linapanuka; ikivuta ndogo, inashuka. Chini ya pistoni pana sindano iliyochongwa nyembamba kuelekea nchani, imezama ndani ya jeti. Pistoni ikipanda, sindano inapanda nayo, nafasi inaongezeka na petroli inaongezeka. Kwa hiyo mwendo wa hewa kooni unakaribia kuwa uleule wakati wote, na jeti ni moja tu kwa kila hali. Ndani ya shina la pistoni mna mafuta mepesi. Ukikanyaga ghafla, mafuta hayo huizuia pistoni isiruke, hewa inakimbia zaidi kwa kitambo kidogo, petroli inazidi, na injini haishtuki. Wengi hawajui kwamba mafuta hayo huisha. Nimeona gari lililopelekwa gereji tatu kwa ugonjwa wa kusitasita, na dawa yake ilikuwa kijiko kimoja cha mafuta.

Datsun 240Z ilitoka kiwandani na kabureta mbili za namna hiyo, zilizotengenezwa na Hitachi, koo la milimita 46 kila moja. Kila kabureta inalisha silinda tatu.

Jibu la pili ni la Kiitaliano. Edoardo Weber alifungua karakana yake huko Bologna mwaka 1923, na kabureta ijulikanayo kwa herufi DCOE ndiyo iliyoning'inizwa ukutani na kila kijana mpenda mbio. Hii imelala ubavuni na ina makoo mawili. Ukifunga tatu kwenye injini ya silinda sita, kila silinda inapata koo lake peke yake, hainyang'anyani pumzi na jirani. Koo la Weber halijipanui. Badala yake unaweza kulivua na kulibadili kila kipande. Ndani kuna pete inayobana koo, nayo huuzwa kwa vipimo vingi. Kuna jeti kubwa ya petroli, jeti ya hewa, jeti ya mwendo mdogo, bomba la kuchanganyia, na pampu inayorusha petroli unapokanyaga. Fundi anayejua anaweza kuishonea injini kabureta kama mshonaji anavyoshona kanzu, begani hivi, kiunoni vile. Na sauti yake, ndugu zangu! Sitasema uongo mbele ya Mwalimu Mkuu: asilimia tisini ya sababu zangu zilikuwa ile sauti.

Mwaka 1996 nikazipata. Kabureta tatu za Weber, za milimita 45, zimetoka kwenye gari la mashindano, zina pete za milimita 38. Mwenzangu wa dawati alikuja nyumbani kuziona. Yeye alikuwa mtu wa pampu za maji, maisha yake yote ameshughulika na vitu vinavyovuta na kusukuma. Akaiingiza ngumi yake nusu katika koo moja, akanitazama.

"Yakhe," akasema, "umemnunulia mtoto viatu vya babake."

Nilicheka, nikamwambia hajui mambo ya mbio. Leo nitawaeleza hesabu aliyokuwa ameifanya kichwani. Sentimita 2,393 ukizigawa kwa 6 unapata kama 399 kwa kila silinda. Silinda ya kiasi hicho, kwenye injini ambayo kamshafti yake ni ileile ya kiwandani na haizungushwi kupita 6,000 hivi, inatosheka na pete ya milimita 30 au 32. Pete hizo hukaa vizuri katika kabureta ya milimita 40. Mimi nilikuwa na 38! Eneo la duara la 38 linapita lile la 32 kwa zaidi ya theluthi moja. Hewa ilikuwa inapita katika makoo yangu kama mzee anayetembea baada ya chakula cha mchana.

Matokeo nikayaona siku ya kwanza. Chini ya mizunguko 3,000 gari lilikohoa. Kwenye mzunguko wa barabara lilizima, na matatu nyuma yangu zikanipigia honi za kila namna. Kupita 4,500 likaamka, likalia vizuri ajabu, na mimi nikasahau yote. Lakini kwa saa ya mkononi, kupanda kutoka bondeni hadi Limuru, nilikuwa nachelewa kuliko nilipokuwa na kabureta za Hitachi. Nililijua hilo, nikalificha hata kwa mke wangu.

Kisha moshi mweusi, na plagi zimejaa masizi. Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipita kwa sentensi moja, kwa sababu huko hawana Nairobi. Mji ule uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kiasi cha asilimia 15. Kabureta haipimi uzito wa hewa. Inahisi mbio zake tu. Jeti zilizochaguliwa kwa ajili ya pwani zikipelekwa Nairobi, mchanganyiko unazidi petroli kwa asilimia 8 hivi. Fundi aliyenifanyia kazi simtaji, wala simlaumu: nilimwambia nataka plagi safi Nairobi, akanipa plagi safi Nairobi. Alizipunguza jeti zote sita kubwa, na kwa kuwa hewa nyepesi huungua polepole, akausogeza moto wa plagi mbele digrii chache. Kwa Nairobi alifanya sawa kabisa. Hakuniuliza ninakwenda wapi, na mimi sikumwambia.

Nilikuwa nakwenda Mombasa kwenye harusi.

Binti mkubwa wa mwenzangu alikuwa anaolewa mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Mama na mabinti walitangulia kwa basi wiki nzima mapema. Baba alikuwa na kazi mpaka siku ya mwisho, nami nikamwambia asihangaike na basi, nitamshusha mlangoni kama gavana wa zamani. Ndoa ilikuwa ifungishwe baada ya sala ya alasiri, saa kumi na nusu. Naye ndiye walii.

Tuliagana tuondoke saa kumi na moja alfajiri. Injini ikakataa. Plagi zimelowa petroli, nikazivua, nikazikausha juu ya jiko, nikazirudisha, zikalowa tena. Tulitoka Nairobi saa nne. Mwenzangu hakusema neno, ila alikuwa amevaa kanzu yake mpya tangu usiku, akiikunja asije akaichafua.

Basi nikakanyaga. Sultan Hamud, Kibwezi, Mtito Andei, barabara inashuka na gari linazidi kuwa jepesi, na mimi nikadhani linafurahi. Halikuwa linafurahi. Kadiri tulivyoshuka, hewa ilizidi kuwa nzito, na petroli ilikuwa ileile kidogo niliyoipimia Nairobi. Voi tulikuwa karibu mita 600 juu ya bahari, joto kali, nami niko kwenye mizunguko 5,000 nikifidia saa nilizopoteza. Mwenzangu akasema anasikia mlio kama kokoto ndani ya kopo. Nikamwambia ni barabara.

Kwenye Mackinnon Road, walio wa pwani wanajua, uko ule msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, na madereva wengi husimama wakasali au wakatoa chochote. Mwenzangu alitaka tusimame. Nikasema hatuna wakati. Baadaye, Taru, kukawa na mshindo mmoja, moshi wa samawati ukajaa nyuma yetu, na injini ikawa inalia kama cherehani mbovu. Pistoni ya silinda ya tano ilikuwa imetoboka katikati, tundu la kuingiza kidole gumba. Yeye hadi leo anasema sababu ni kutosimama msikitini. Mimi nasema ni jeti na moto wa plagi. Tumekubaliana kwamba sababu mbili zinaweza kusafiri katika gari moja.

Ilikuwa saa tisa na robo. Lori la kwanza lililosimama lilikuwa na mizigo ya saruji. Alipanda juu ya mifuko kwa kanzu yake nyeupe, akafika Mariakani saa kumi na moja kasoro, akapata simu dukani. Msikitini walikuwa wamekaa wanangoja, bwana harusi amekaa, kadhi amekaa. Akamwakilisha nduguye mdogo kwa simu ya dukani, watu wakinunua sukari pembeni yake, na binti yake akaozwa. Alifika nyumbani magharibi imeingia, watu wamekwisha kula.

Hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alinitumia ujumbe kwa mtu kwamba amefika salama, basi. Tukawa tunaonana kwenye mazishi, tunapeana mikono.

Gari likakaa juu ya mawe miaka mitatu. Nilipopata fedha za kuitengeneza injini, nikaketi kwanza na kalamu na karatasi, jambo nililopaswa kulifanya tangu mwanzo. Nikajiuliza kamshafti yangu ni ipi. Ilikuwa ya kiwandani. Kamshafti ya mashindano hufungua valvu za kuingiza na za kutoa kwa pamoja kwa muda mrefu, pumzi inarudi nyuma kwa vishindo, na hapo kila silinda kuwa na koo lake ni faida ya kweli. Mwenye injini ya namna hiyo anunue Weber bila kusitasita, nami nitamsaidia kuzibeba. Kwa kamshafti ya kawaida na silinda hedi ya kawaida, kabureta mbili za SU zilizo nzima hazipungukiwi na kitu cha maana mpaka mwisho wa mizunguko yake. Kisha nikajiuliza gari litakwenda wapi. Litakwenda Mombasa na kurudi, Nakuru, pengine Timboroa ambako ni zaidi ya mita 2,700. Kabureta tatu za Weber zina jeti kubwa 6, jeti za hewa 6 na za mwendo mdogo 6. Nani atakayezivua zote kumi na nane kando ya barabara kila anaposhuka bondeni? SU nayo haijui mwinuko, nisiwadanganye. Inazidisha petroli milimani kama nyingine. Lakini kwa kuwa jeti yake ni moja, nati moja iliyo chini yake hubadili mchanganyiko wote, kuanzia injini inapozunguka bila kazi mpaka kasi ya juu. Unainama, unazungusha kwa vidole, unaondoka.

Swali la mwisho lilikuwa nani ataitunza. Jibu likawa mimi, mtu wa bima, mwenye spana za inchi na za milimita zilizochanganyika.

Kabureta za Hitachi zilikuwa stoo ndani ya gunia la unga. Nilikuta mashimo ya shafti za vipepeo yameliwa, hewa inaingia pembeni. Huo ndio ugonjwa mkubwa wa kabureta hizi kuukuu, na wengi huzilaani na kuzitupa kwa kosa la bushi ya bei ndogo. Nikatiwa bushi mpya. Nikaanza na nati mizunguko miwili na nusu kwenda chini, kama ilivyo desturi kwa gari hili, halafu nikasawazisha. Nitawafundisha vijana sasa hivi maana hakuna chombo kinachohitajika. Chukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine mdomoni mwa kabureta. Usikilize msonyo wa ya kwanza, kisha wa ya pili, uzirekebishe mpaka zisonye sauti moja. Baada ya hapo inua pistoni ya kabureta moja kwa milimita moja hivi. Injini ikiongeza mbio na kubaki hivyo, petroli imezidi. Ikitaka kuzima, petroli imepungua. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, iache.

Mwenzetu mmoja aliyehamia Marekani aliniandikia kuhusu Mustang yake ya mwaka 1966, injini ya V yenye silinda 8, inchi za ujazo 289. Huko mtindo ni kabureta moja yenye makoo manne juu ya injini, na wanazipima kwa futi za ujazo za hewa kwa dakika. Alikuwa anauziwa ya 750. Nikamwambia azidishe 289 kwa mizunguko 6,000, agawe kwa 3,456. Jibu ni kama 502, na kwa kuwa injini ya barabarani haijazi silinda zake sawasawa, chukua asilimia 85 ya hizo, zinabaki 426. Ya 750 ni viatu vya babake tena. Nikamshauri achukue ndogo, na makoo yake mawili ya nyuma yawe ya kufunguliwa na mvuto wa injini yenyewe, si ya kufunguliwa na mguu, maana gari lake ni la gia za kujibadili. Alichukua ya 750. Hajaniandikia tena.

Sasa nimalize la Mombasa, naona wapishi wameanza kuchungulia.

Mwaka 2005 simu ililia nyumbani usiku. Ilikuwa sauti ambayo sikuisikia kwenye simu kwa miaka tisa. Hakunisalimu kwa kirefu. Akasema binti yake wa pili anaolewa mwezi wa Agosti. Nikasema hongera. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza, "Lile gari lina kabureta ngapi siku hizi?"

Nikasema, "Mbili."

"Za milimita ngapi?"

"Arobaini na sita. Zile za kwake mwenyewe."

"Basi njoo unichukue. Lakini tunaondoka siku moja kabla."

Tulitoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, injini imewaka kwa mara ya kwanza. Mackinnon Road nilisimama bila kuambiwa. Yeye akaingia msikitini. Mimi nikatoa changu, kisha nikafungua boneti pale kivulini, nikazungusha kila nati nusu mzunguko kwenda chini ili petroli iongezeke kwa ajili ya hewa ya pwani, nikairudisha distributa digrii mbili nyuma. Alipotoka alinikuta nanawa mikono kwa maji ya chupa. Akainama, akatazama yale makuba mawili, akagonga moja kwa ukucha.

"Viatu vyake," akasema, akaingia garini.

Saa saba na nusu tulikuwa tunakula Mombasa. Siku ya pili alimwoza binti yake mwenyewe, amemshika mkono bwana harusi, nami nilikuwa nyuma yake safu ya pili.

Kijana wa Kidato cha Tatu, gari liko nje chini ya mwembe wa bweni. Baada ya chakula njoo na wenzako, mpira wa kusikilizia umo ndani ya buti. Funguo sinazo mimi. Mwombeni yule bwana mwenye kofia ya vito.